Kwa Hiyo na Shati Lililoungua

"Neno moja tu, kijana. Sema 'ni muujiza', tumalize, watu wapate kula."

Baba alisema hivyo akiwa amesimama katikati ya sebule, mikono nyuma. Ndugu walikuwa wamejaa mpaka kwenye mikono ya viti. Sebule yetu ilitenganishwa na duka letu la dobi kwa pazia tu, ndiyo maana hata siku ile ya shukrani tulinukia wanga na mvuke.

Mama alikaa pembeni, akitabasamu kwa upande mmoja wa uso. Kiharusi kilikuwa kimemfunga ulimi tangu mvua za mwaka uliopita. Alisikia, alielewa, alicheka, lakini neno halikutoka. Halafu juma moja kabla ya shukrani hiyo, baba alikuwa anapiga pasi huku akibishana na mchumba wangu habari za mpira, akaisahau pasi juu ya nguo. Mama akapiga ukelele kutoka kwenye benchi lake:

"Pasi! Unaunguza!"

Shati likaungua. Ulimi ukafunguka.

Shati lenyewe lilikuwa la huyo huyo mchumba wangu, mwalimu wa hesabu. Wanafunzi wake walimwita Kwa Hiyo, kwa sababu maelezo yake yote yaliishia hapo, na jina likamfuata mpaka kwetu. Yeye ndiye aliyekuwa shahidi pekee asiye wa nyumbani, na baba alitaka ushahidi wake.

"Baba, nafurahi sana mama anaongea," alisema, amekaa kwenye ncha ya kiti. "Ila neno hilo siwezi."

"Huwezi au hutaki?"

"Siwezi. Muujiza ni nini, baba?"

"Jambo lisilowezekana, likatokea."

"Na hili limetokea?"

"Si ulikuwepo!"

"Kama limetokea, linawezekana. Kwa hiyo halikuwa lisilowezekana. Kwa hiyo kusema muujiza umetokea ni kama kusema nimechora duara lenye pembe."

Watu wakatazamana. Shangazi akanong'ona kwa sauti ambayo hata jirani angeisikia:

"Maskini binti yetu! Ukimuuliza huyu kama ameshiba, atakuuliza shibe ni nini."

Wakaangua kicheko. Baba hakucheka.

"Nimepiga magoti kwenye sakafu hii," alisema taratibu. "Niliomba mke wangu aniite tu, hata kwa kunigombeza. Leo ananiita. Na wewe unakuja nyumbani kwangu kuniambia kwamba niliomba duara lenye pembe?"

"Sikuwa na maana hiyo, baba..."

"Umesema. Na mimi nasema. Wewe hujui kushukuru, kwa hiyo binti yangu sikupi. Kwa hiyo harusi hakuna. Kwa hiyo mlango ule pale."

Kwa Hiyo alinitazama mara moja, akatoka.

Nilimpigia simu kabla hajafika kwake.

"Ungepungukiwa nini?"

"Unalia?"

"Nimekuuliza, ungepungukiwa nini? Neno moja! Watu wanadanganya kupata hata siti ya dirishani."

"Nikimdanganya baba yako ili nikupate, siku nikikwambia nakupenda utajuaje kama ni kweli au natafuta siti?"

"Usinichekeshe, nimekasirika."

"Samahani. Wewe unaamini ni muujiza?"

"Naamini. Na hilo duara lako silipendi. Limemuumiza baba."

Nilisikia hatua zake njiani.

"Niliona usoni mwake," alisema. "Niache nilifikirie tena."

"Fikiria haraka. Baba akisema hakuna, huwa hakuna."

Asubuhi yake nilikuwa nanyunyizia maji mashuka ya wateja, macho yamevimba, ujumbe ukaingia:

"Nimekosea. Duara lenye pembe siwezi kulifikiria hata nikifumba macho, maneno yake yenyewe yanapigana. Mama kuongea hakupigani na kitu. Nililifikiria kila siku nikiwa naye pale benchini. Kwa hiyo si kitu kimoja. Mwambie baba nimekosea."

Niliusoma, nikarudi nyuma, nikausoma tena. Nikaandika: "Kila siku ukiwa naye benchini ukifanya nini?"

Aliusoma.

"Wewe!" nikamwandikia.

"Niko darasani."

Sasa, Kwa Hiyo alikuwa na mashati matano tu, lakini alikuja dukani kwetu kama mtu mwenye hoteli. Alileta shati moja moja. Tena alikuja alasiri, wakati mimi na baba tumetoka kupeleka nguo kwa wateja, akaketi na mama mpaka turudi. Siku zote nilidhani ananisubiri mimi. Nilijiona mwanamke wa kupendwa kweli kweli.

Nikaacha mashuka, nikachuchumaa mbele ya mama.

"Mama, Kwa Hiyo alikuwa anafanya nini hapa alasiri?"

Mama akajifanya anatafuta kifungo mapajani.

"Mama!"

"Ma... neno," akasema. Siku zile aliyavuta maneno moja moja, kama mtu anayetoa ndoo kisimani. "Ananifundisha. Pasi. Shati. Kola. Sabuni. Hayatoki. Ananiambia... tena."

"Kila siku?"

"Kila... shati."

"Sasa mbona hakutuambia?"

Akaweka kidole chake mdomoni, kisha akakisogeza hewani, kama anakiweka kwenye mdomo wa mtu mwingine. "Nilimkataza hivi. Baba yako... asitumaini bure."

Suruali zilizotundikwa nyuma yetu zikasogea. Baba akatokea katikati yake, pasi mkononi, amesimama kama mtu aliyesahau alikotaka kwenda.

"Alianza na neno gani?" akamuuliza mama.

"Pasi. Siku zote... pasi kwanza."

Baba akaiweka pasi pembeni, akachukua simu yangu bila kuomba.

"Kijana, njoo. Shati lako liko tayari."

Nilisikia sauti ya Kwa Hiyo upande wa pili: "Si liliungua, baba?"

"Nimesema njoo!"

Alifika wakati wa mapumziko yake ya mchana, chaki bado vidoleni. Baba hakumkaribisha kiti.

"Kumbe ni wewe uliyemfungua mke wangu ulimi! Ukakaa kimya mpaka nikufukuze mbele ya watu?"

"Hapana, baba. Si mimi."

"Amesema mwenyewe!"

"Nilimfundisha, hayakutoka. Siku moja yakatoka. Jogoo huwika, jua likachomoza. Haimaanishi kwamba jogoo ndiye anayelivuta."

"Kwa hiyo ni muujiza!" Baba akayasikia maneno yake mwenyewe, akakunja uso. Mimi nikauma midomo.

"Unaweza kuwa muujiza," Kwa Hiyo akasema. "Nilisema haiwezekani, nikakosea. Nitalisema hilo mbele ya wote walionisikia. Mungu akitaka kumfungua mtu ulimi, sioni mantiki gani itamzuia mlangoni. Lakini kama ndivyo ilivyokuwa, au ni mazoezi, au ni uchungu wa kuona nguo ya mteja inaungua, sijui."

"Hujui."

"Sijui, baba."

Baba akakaa kwenye benchi, karibu na mama. Alimtazama kijana huyo kwa muda, kuanzia viatu mpaka nywele, kama anavyokagua koti la mteja akitafuta doa.

"Ungesema tu ni wewe uliyemfundisha. Ningekupa binti siku ile ile."

"Ningekuwa nimekudanganya vile vile."

Baba akamgeukia mama. "Mke wangu, wewe unasemaje? Ulimi ni wako."

Mama alichukua muda wake. Hakuna aliyemsaidia. Tulikuwa tumeshajifunza kusubiri.

"Niliomba," akasema. "Nika... jaribu. Vyote viwili." Akavuta pumzi. "Halafu lile shati... lilikuwa zuri!"

Baba alicheka mpaka akashika meza. Ilikuwa mara ya kwanza kumsikia akicheka hivyo tangu kiharusi kiingie nyumbani kwetu.

"Utayasema haya mbele ya shangazi yake?"

"Nitasema."

"Hata hilo la sijui?"

Kwa Hiyo akajipangusa chaki vidoleni. "Hata hilo."

Baba akaniangalia. "Basi mtengenezee chai huyu, arudi shuleni na kitu tumboni."

Akayasema kweli, kwenye sebule ile ile. Shangazi alimsikiliza mpaka mwisho, mikono kifuani, kisha akasema: "Hivyo tu? Siku ile ungesema hivi tungekula chakula kikiwa cha moto."

Siku ya harusi yetu joto lilikuwa kali. Wanaume wote walivua makoti, yeye akabaki nalo, jasho linamtiririka. Shangazi akamfuata mezani.

"Bwana harusi, utaiva humo ndani. Vua."

"Siwezi, shangazi."

"Huwezi au hutaki?"

Kwa Hiyo akainama sikioni kwangu. "Nimelivaa lile."

Nikapitisha mkono chini ya koti, nikapapasa mgongoni. Kweli. Kitambaa kilikuwa kimekakamaa, chenye umbo kamili la pasi. Nikauacha mkono wangu hapo mpaka hotuba zikaisha.

Tulikaa vizuri. Tulibishana kila kitu, kuanzia chumvi mpaka pepo, na sikumbuki siku aliyonidanganya. Alipougua ugonjwa ambao madaktari waliuzungumza kwa kutazama chini, mimi nilipiga magoti kando ya kitanda chetu mchana kweupe, dirisha likiwa wazi. Nilidhani amelala.

"Unaomba muujiza?" akauliza.

"Naomba. Utanicheka?"

"Omba, mke wangu. Kimantiki hakuna kizuizi."

"Na usipotokea?"

Akanishika mkono. "Kwa hiyo utakuwa haukutokea. Usije ukasema haukuwezekana."

Haukutokea. Sina ugomvi na mtu, wala na Mungu. Nilipewa mume aliyeweza kusema sijui, na nikisema hivyo wanawake wenzangu dukani hunitazama kwa wivu kidogo.

Baba ameshapumzika na kazi, duka naliendesha mimi. Kila Jumamosi, nikimaliza za wateja, nalitoa lile shati, nalinyunyizia maji, nalipiga pasi polepole. Nikifika mgongoni nazunguka ile alama, nisiiguse. Wakati mwingine nasimama hapo, mkono umetulia, mawazo yamekwenda.

Ndipo mama, ambaye amezeeka sasa na anaongea kuliko sisi wote, hupaza sauti kutoka kwenye benchi lake:

"Wewe! Pasi!"

Nami naiinua.