Mkono wa Uzi Mwekundu

Kila siku akitoka shule, kabla hata ya kuvua soksi, Sindano alipitia dukani kwa mama yake. Mama alikuwa fundi cherehani. Duka lenyewe lilikuwa chumba kimoja tu chenye meza ya kukatia, pasi nzito na cherehani ambayo kelele zake zilisikika mpaka kwa muuza mkaa. Jina la Sindano walimpa wateja, kwa sababu msichana alikuwa mwembamba, na kwa sababu hawakuwahi kumwona akilikosa tundu la sindano. Baada ya muda hata mama mwenyewe alimwita hivyo, naye akaitika.

Kazi zake zilikuwa kutunga uzi, kuokota pini sakafuni kwa sumaku, na kufumua. Kufumua ndiko alikokupenda kuliko yote. Mama akiona mshono uliokwenda upande, hata uwe wake mwenyewe, hakuuonea huruma.

"Fumua huo," husema. "Mteja hatavaa nguo inayoangalia kushoto."

Hapo Sindano huchukua wembe, akakata uzi mmoja mmoja bila kugusa kitambaa, akanyunyiza maji na kupiga pasi. Matundu yote hufunga, usijue kama paliwahi kushonwa kitu. Wateja walimsifu, wakasema ana macho ya paka. Kichwa chake kilivimba kidogo, kama vinavyovimba vichwa vyetu sote tukisifiwa.

Mwisho wa mtaa huo palikuwa na gereji kuukuu. Mafundi wa magari walikwishahama, na sasa walikuwemo wasanii: wachoraji, wachongaji, na bibi mmoja mfinyanzi aliyekuwa mkali kuliko wote. Kiongozi wao aliitwa Dada Rangi, maana vidole vyake havikuonekana kamwe bila rangi. Watu wengi walipita pale wakitikisa vichwa na kusema hao ni watu wazima wanaocheza. Dada Rangi hakujali. Siku moja alibisha hodi kwa fundi cherehani akiwa na kitambaa cheupe kirefu, kimeviringishwa kwenye ufito.

"Fundi, tumekuja kuwaalika mtaa mzima," alisema. "Sisi tulishona picha ya kwanza tu. Tangu hapo kitambaa kinatembea nyumba kwa nyumba. Kila nyumba inaitazama picha ya mwisho, halafu inaijibu kwa picha yake. Ni kama maongezi, ila kwa uzi. Hatuandiki majina. Siku ya maonyesho kila mtu atasimama mbele ya picha yake aseme, hii ni yangu."

"Na asiyejua kushona?" Mama aliuliza.

"Ashone hivyo hivyo. Sharti letu ni moja: usifute cha mwenzako. Kijibu."

Mama alicheka, akaonyesha rundo la sare za shule lililofika karibu na dirisha. "Mimi unavyoniona, kazi zimenifika shingoni. Huyu binti yangu atatujibia. Nyumba ya ngapi sisi?"

"Nyinyi ndio wa mwisho."

Sindano alikuwa chini ya meza akiokota pini. Sharti alilisikia vizuri sana, asije mtu akamtetea kwamba hakulisikia.

Kesho yake mama alikwenda kupeleka sare. Sindano alifungua kitambaa mezani akakitazama. Palikuwa na birika, palikuwa na baiskeli, palikuwa na mlango wa kahawia uliofungwa, umeshonwa kwa ustadi. Baada ya mlango palikuwa na kitu chekundu. Kilikuwa na shina fupi nene na matawi matano, kila tawi limekwenda njia yake, mengine yameng'ang'aniana. Mishono mingine ilikuwa mirefu kama kijiti cha kiberiti na mingine mifupi kama chembe ya mchele.

"Mtoto gani huyu aliyeachiwa sindano?" alijiuliza kwa sauti. "Mti gani huu?"

Alijaribu kuanza picha yake pembeni, lakini jicho lilirudi pale pale. Aliona haya kwa niaba ya kitambaa. Watu watakuja, watatazama, watasema kazi ya mwisho ni ya mtoto wa fundi na ya kabla yake ni kichekesho. Akakumbuka sharti, akajipa jibu upesi: kurekebisha si kufuta. Huyo aliyetaka mti atapata mti, tena mzuri zaidi. Akachukua wembe.

Ilimchukua muda mfupi. Alinyunyiza maji, akapiga pasi, kitambaa kikawa cheupe. Akashona mti wenye shina la kahawia na majani ya kijani, umenyooka kama rula, na juu ya tawi akaweka ndege wa manjano. Ndege huyo ndiye aliyekuwa jibu lake. Vipande vya uzi mwekundu alivifagia akavitupa pipani.

Mama aliporudi alikuwa hoi. Alitupa jicho mara moja tu. "Mti mzuri. Na ndege amekaa vyema."

Sindano alikiviringisha kitambaa kwenye ufito. Hakuna uongo aliousema, lakini alijua kwamba mama angeuliza swali moja zaidi kama angejua palikuwa na kitu hapo, na alifurahi kwamba hakuuliza. Akapeleka kitambaa gereji, akakiweka mezani, Dada Rangi akamshukuru kwa mbali huku amebeba ndoo.

Wakati wa mapumziko shuleni, Kidoti alimvuta kando. Kidoti alikuwa rafiki yake wa dawati moja, na jina lilitokana na alama nyeusi shavuni mwake. Baba yake aliitwa Fundi Saa. Zamani hapakuwa na saa ya mtaa huo ambayo hakuwahi kuifungua. Kisha akapatwa na kiharusi, mkono wa kulia ukafa ganzi, naye akajifungia chumbani. Hakutaka wageni. Hakutaka hata kukaa barazani.

"Nikwambie siri?" Kidoti alisema, na uso wake wote ulikuwa unacheka. "Baba atatoka! Amekubali kuja kwenye maonyesho."

"Kweli? Mmemfanyaje?"

"Kile kitambaa. Kilipofika kwetu, mwenzetu alikuwa ameshona mlango uliofungwa. Baba akautazama mpaka nikaogopa. Halafu akasema, mlango unahitaji mkono. Akaweka mkono wake wa kushoto juu ya kitambaa, nikauchora kwa chaki ya buluu, na yeye akaushona kwa huo huo wa kushoto, chaki ikifutika chini ya vidole vyake. Uzi mwekundu. Alijichoma mpaka mama akamwomba aache, akakataa. Sindano, ndicho kitu cha kwanza alichokifanya tangu augue! Anataka kwenda kusimama mbele yake aseme ni wake."

Sindano aliviangalia vidole vyake mwenyewe, akavihesabu. Matawi matano. La tano, lile fupi lililojitenga, lilikuwa dole gumba. Angewezaje kutoliona dole gumba?

"Mbona hufurahi?" Kidoti aliuliza.

"Nimefurahi," alisema. Huo sasa ulikuwa uongo kamili.

Mchana ule hakupitia dukani. Alikwenda gereji mbio, akamwambia bibi mfinyanzi kwamba kuna kitu kidogo anataka kumalizia. Mpango wake ulikuwa rahisi: atautoa mti, atafuata matundu ya zamani, ataurudisha mkono, na hakuna atakayejua. Akakiinua kitambaa kwenye mwanga wa dirisha. Hapakuwa na tundu hata moja. Maji na pasi vilikuwa vimefanya kazi yao, na yeye ndiye aliyejivunia kazi hiyo kila siku.

Akachukua kitambaa kibovu akajaribu kushona mkono kwa kubuni. Alijilazimisha kupindisha mishono, ikatoka imepinda kwa mpangilio, kama mtu anayechechemea kwa kuigiza. Akafumua, akajaribu tena, ikawa vilevile. Ndipo akamwona Fundi Saa kichwani mwake, amesimama mbele ya watu, anasema hii ni yangu, na kumbe si yake. Aliweka uzi chini. Alitamani kuvirudisha vile vipande vya uzi mwekundu kutoka pipani, lakini pipa lilikwishamwagwa.

Mama alikuwa akishona Sindano alipoingia dukani na kumweleza habari yote. Cherehani ilinyamaza. Sindano alingoja kelele, lakini mama alitoa tu futi ya kupimia shingoni, akaikunja polepole.

"Ungeniambia siku ile ile," alisema.

"Nilidhani nimefanya vizuri, mama."

"Hapana. Ungedhani umefanya vizuri ungeniambia." Akachukua ufunguo wa duka. "Funga viatu. Twende."

Fundi Saa alikuwa amekaa kwenye kiti, amevaa shati lililopigwa pasi. Kidoti alikuwa akimjaribishia nguo za maonyesho. Sindano alimwamkia, "Shikamoo, baba," kisha akaeleza, macho yameganda sakafuni. Hakuacha kitu. Alieleza wembe, maji na pasi, na hata alivyotaka kuuiga mkono ule ili asijulikane.

Maneno ya Fundi Saa yalitoka polepole tangu augue, na sasa yalitoka polepole zaidi.

"Mimi nilidhani... unaonekana. Nilidhani kila mtu ataona ni mkono."

"Nisamehe, baba."

"Kumbe mti." Alicheka kidogo, kicheko kisicho na furaha ndani yake. "Umefanya vizuri kuja. Sasa niacheni nipumzike." Akaanza kufungua vifungo vya shati kwa mkono wa kushoto.

Kidoti aliwasindikiza hadi mlangoni. Aliufunga mlango nyuma yao, na Sindano akasikia komeo likiingia.

Siku ya maonyesho kitambaa kilitundikwa gereji, kutoka ukuta hadi ukuta. Watu walisimama wakicheka na kujionyesha. "Hii ni yangu!" alipiga kelele muuza mkaa mbele ya birika lake lililofanana na bata. Wengi walikusanyika mbele ya mti. Wakausifu unyoofu wake, wakauliza nani fundi huyo. Sindano alisimama nyuma ya nguzo. Sifa alizozipenda maisha yake yote zilimwingia kama pini, na hakutoka pale nyuma kusema hii ni yangu. Fundi Saa hakuja.

Jioni, mama alimweleza Dada Rangi kila kitu. Dada Rangi alikitazama kitambaa kwa muda.

"Tulichopoteza tumekipoteza," alisema. "Ila chini ya mti pana nafasi, na maongezi hatujayafunga. Nitampelekea. Akitaka kujibu atajibu, asipotaka ni haki yake."

Akampelekea. Siku zikapita, wiki ikaisha, ikaja nyingine. Shuleni Kidoti alihamia dawati la mbele. Sindano aliendelea kufumua nguo za wateja, lakini kila aliposhika wembe alisita, akauliza, "Mama, na huu niufumue?" hata pale ambapo jibu lilikuwa wazi.

Alasiri moja mlango wa duka ulitiwa giza. Fundi Saa alikuwa amesimama kizingitini akitegemea fimbo, na nyuma yake Kidoti amekumbatia kitambaa. Mtaa mzima ulikuwa umetoa vichwa nje kumtazama.

"Uzi hauingii wenyewe kwenye sindano," Fundi Saa alisema, akihema. "Na mke wangu amechoka kunishikia. Nimeambiwa hapa kuna mtu hakosi tundu."

Mama alimvutia kiti. Sindano alitunga uzi mwekundu, akamkabidhi. Kidoti alitandaza kitambaa. Chini ya shina la mti palikuwa na alama mpya ya chaki: mkono ulioelekea chini, vidole vitano vimefunguka.

"Mti wako hauna mizizi," Fundi Saa alisema. "Ulisimama hewani tu. Hilo hukuliona?"

"Sikuliona, baba."

"Basi shika hapa. Kitambaa kisitikisike."

Akashika. Sindano ya Fundi Saa iliingia, ikatoka mbali na mstari, ikarudi. Mshono mrefu, mshono mfupi. Mara moja mkono wa Sindano ulielekea kwenye wembe bila yeye kujua. Kidoti aliuona, akamtazama. Sindano akaurudisha mkono wake juu ya kitambaa.

"Bado nimekukasirikia," Kidoti alinong'ona.

"Najua."

"Mkono wa kwanza ulikuwa mzuri zaidi."

"Najua," Sindano alisema, na machozi yakamtoka. Hakuwa ameuona, huo ndio uliokuwa ukweli. Alikuwa ameutazama na kuufumua, lakini kuuona hakuuona, na hatauona tena.

Mama aliacha cherehani akasogea karibu. "Sikiliza, mwanangu. Nami nina kosa langu. Nilikufundisha kufumua, sikukufundisha wakati wa kutofumua. Nguo ya mteja ikipinda, inyooshe, kwa sababu amekulipa uinyooshe. Lakini mtu akitengeneza kitu ili aseme lililo moyoni mwake, hicho si chako kukinyoosha. Kama hukielewi, muulize. Na kama huwezi kumuuliza, kiache kilivyo, uweke chako kando yake. Na ukikosea, sema siku ile ile, kabla takataka hazijamwagwa."

"Nimesikia, mama."

Fundi Saa alikuwa amefika kwenye dole gumba. Jasho lilimtoka kwenye paji la uso. Alivuta uzi, akainamisha kichwa, akautazama mshono wake wa mwisho kwa muda mrefu.

"Mwenye macho ya paka," alisema. "Huu umepinda?"

Sindano aliuinamia. "Umepinda, baba."

"Uache."