Kilo Sitini na Mbili

Asubuhi ya kwanza Anastase alidhani ni upepo uliopungua gurudumuni. Gari dogo jekundu alilokuwa akilitengeneza lilikuwa limeinama upande wa kulia, vidole viwili hivi, kama mama aliyebeba ndoo kwa mkono mmoja. Akapima upepo wa magurudumu yote manne, ulikuwa sawa. Akakaza springi za upande ule, gari likasimama wima kama padri altareni. Alikwenda kunywa chai. Aliporudi, lilikuwa limeinama tena.

Kamembe nzima ililijua gari lile. Mushagalusa, mfanyabiashara wa Bukavu, alivuka nalo daraja la Rusizi ya Pili mwaka 1996, siku watu walipokimbia vita, kisha likalala miaka minne chini ya turubai, kuku wakitaga ndani. Lilikuwa na viti viwili tu, na bodi ya plastiki ngumu ambayo wanaume wawili wangeibeba. Sasa vijana wenye magari walikuwa wanashindana Jumapili baada ya misa, kwenye barabara ya machimbo kule Muganza, gari mojamoja, mwenye saa akihesabu sekunde. Mushagalusa akampa Anastase gari alinoe, na usukani akampa Gisa, mwana wa Anastase.

Gisa ndiye mtoto pekee aliyebaki. Kaka zake wawili walilala Kongo, chini ya udongo usio na msalaba. Mama yake, Patricie, alitaka gari liende polepole. Baba alitaka liende mbio lakini lisipinduke, na kina baba huona hiyo ndiyo busara. Gari jepesi halisamehe: upande mmoja ukizidi uzito, kwenye kona linamtupa dereva, na kona za Muganza zina shimo la mawe chini yake.

Kwa hiyo Anastase alikuwa ameazima mizani nne za kupimia magunia ya mpunga, akaweka moja chini ya kila gurudumu, Gisa akiwa ndani na kilo zake hamsini na nane. Akaandika. Kisha akapunguza: zulia, gurudumu la akiba, na mwisho kiti cha abiria, kilo kumi na moja peke yake, akakitundika ukutani. Asubuhi ile lilipoinama akapima upya. Gari lililonyang'anywa kiti lilikuwa limeongezeka kilo sitini na mbili, zote upande wa kulia. Mizani za mpunga zinajulikana kwa uongo, na wenye mizani zaidi, akazibadilisha kulia kwenda kushoto. Sitini na mbili.

Siku ya pili gari lilinuka matope ya ziwa na sigara, naye Anastase havuti. Siku ya tatu, saa sita mchana, jua likiwaka juu ya mabati na redio ya jirani ikiimba, alisikia nyuma yake mlio mdogo wa chuma kuingia katika chuma, akageuka akidhani Gisa ameingia garini, akaona milango imefungwa, hakuna mtu, na mkanda wa abiria, ambao alikuwa hajaung'oa bado, umejifunga juu ya nafasi tupu, umevimba mbele kama umezunguka tumbo, ukipanda na kushuka, ukipanda na kushuka, kama anavyopumua mtu aliyechoka kungoja.

Akamwambia Patricie peke yake, na hapo alikosea, maana ulimi wa Patricie haujui likizo. Kabla ya jioni soko zima lilikuwa na habari, na Nzigire muuza maandazi alishajua hata rangi ya shati la jini. Lakini Patricie huyohuyo ndiye aliyemleta Nyirahabimana, mganga wa milima ya Mibirizi, rozari shingoni na kibuyu ndani ya kitenge, kila kimoja na zamu yake. Wakamwita na Mushagalusa. Akakana kujua lolote, akakana, kisha sauti ikamshuka.

"Mukengere, shemeji yangu, ndugu ya bibi yangu, njo alikuwa kando yangu mu gari. Risasi ilimukuta karibu ya daraja. Bibi alikuwa kwa miguu na mutoto mugongoni. Viti viko mbili tu. Nikamutoa, nikamulaza mu majani, nikapandisha bibi."

"Ukarudi kumuzika?" mganga akauliza.

Mushagalusa akakiri hakurudi.

"Mumemutoa mu kiti mara mbili," Nyirahabimana akasema. "Muntu aliyekaa muzuri halemei mwenzake. Murudishe kiti yake, mumupeleke mpaka pale, mumuzike hata kama ni nguo yake tu."

Gisa akamcheka mganga. "Maman, ile kiti iko kilo kumi na moja. Ni sekonde mbili. Yeye njo amekufa, aende kwa miguu."

Hapo ndipo baba alipaswa kuwa baba. Lakini Anastase alikuwa amekata hata vichwa vya boliti ili kupunguza gramu, na wepesi ule ulikuwa umemwingia kama pombe. Akaomba njia nyingine, kwa sasa tu. Kiti kingerudi Jumatatu.

Nyirahabimana akafungua kitenge, akatoa kibuyu. Akachoma majani, akamwaga pombe ya ndizi chini, akamwita Mukengere kwa jina. Mkanda ukafunguka, ukaanguka. Gari likainuka vidole viwili. Anastase akapima: hakuna hata kilo moja iliyozidi. Akalegeza springi alizozikaza, akicheka peke yake.

"Nimemutoa mu gari," mganga akasema akifunga kitenge. "Sikusema amekwenda."

Jumapili Gisa alizipita kona zote na kuwashinda wote. Alirudi karakana akiendesha mwenyewe, gari wima, watu wakipiga makofi nyuma yake. Hakushuka upesi. Aliposhuka, bega la kulia lilikuwa limelala, na alinuka matope ya ziwa na sigara.

Zile mizani nne zilikuwa bado sakafuni. Gisa akakanyaga moja akielekea kivulini, akasimama juu yake kama aliyesahau njia, na Anastase akautazama mshale ukipanda, ukaifikia hamsini na nane, ukaipita, ukaendelea bila haraka mpaka ukasimama mia moja na ishirini.

Mzee alikimbia ukutani, akang'oa kile kiti, akakiweka chini mbele ya mwanawe, upande wa kulia.

"Kaa," akamsihi. "Nakuomba, kaa."

Gisa, ambaye tangu kuzaliwa alimwita Papa, alikitazama kile kiti, kisha akamtazama fundi kwa adabu ya mgeni.

"Aksanti, Mzee," akasema. "Nimeshakaa."