Ndugu Yangu Alishikilia Boti Niliyoambiwa Haizami

Mimi ni mzee wa miaka sitini na minane. Nilizaliwa Uvira, kando ya ziwa Tanganyika, na sasa naishi Durban, huku Sydenham, chumba kimoja na mke wangu na cherehani yake. Shule niliiacha darasa la nne, kwa hiyo wasomaji wenzangu mnivumilie. Mwanangu Riziki ananinyooshea maandishi... lakini maneno ni yangu, na machozi ni yangu.

Nataka kuwaambia habari za ndugu yangu Eliya, kitinda mimba wa mama yetu. Mama alifariki Eliya akiwa bado anaburuta nguo, mimi nikamlea. Vita ilipotutoa kwetu tulitembea pamoja, yeye amembeba Riziki mabegani, na njia nzima anamwimbia ili asilie. Nchi tulizopita sitazitaja, nikianza hapo hatutafika.

Hapa Durban mimi nililinda magari ya watu ufukweni. Wale mnaowaona wamevaa fulana ya kung'aa, wanampungia mkono dereva anaporudi nyuma, ndiyo kazi yangu hiyo. Eliya yeye alipata kazi ya bustani kwa mstaafu mmoja kule Bluff, na huyo mzungu alikuwa na ugonjwa wa samaki! Kila Jumamosi anamchukua Eliya, wanakwenda bwawa la Inanda kuvua samaki wanaoitwa bass. Ni samaki wa kijani, mdomo mpana kama wa chura, anajificha kwenye matete na miti iliyozama. Unamdanganya kwa mnyoo wa mpira.

Na sasa sikilizeni ajabu. Wakishamvua wanampima, wanampiga picha, halafu wanamrudisha majini!

Siku niliyoambiwa hayo nilicheka mpaka mke wangu akaja kuniangalia. Nikamuuliza Eliya, yaani mnavua halafu mnarudisha? Akasema, ndiyo yaya (kwetu yaya ni kaka mkubwa), wageni wanalipia hiyo furaha. Nikamwambia, furaha ya nani, ya samaki?

Yule mstaafu alipohama kwenda kwa watoto wake, ugonjwa ulibaki kwa Eliya. Akawa anaitwa kuwaongoza wageni kwenye boti za watu wengine. Yeye ndiye anajua samaki walipolala, lakini jioni mwenye boti ndiye anayeshukuriwa. Akasema, yaya, nataka yangu. Nataka watoto wangu waseme baba yetu ana boti. Je, hiyo ni dhambi? Mtu aliyeishi miaka yote juu ya vitu vya wengine?

Basi tukaanza kutafuta boti. Tulikuwa watatu: mimi, Eliya, na Papa Katembo. Huyu Katembo ni fundi wa makochi, mtu wa Butembo, tunasali naye, na ndiye baba wa ubatizo wa mtoto wa kwanza wa Eliya. Ana bakkie yake, gari dogo la mizigo la kubebea makochi, na ndiyo iliyotuzungusha mji mzima.

Mimi nilitaka boti yenye kuta ndefu. Ziwa letu lina hasira, mtu wa Uvira haamini boti ambayo anaweza kugusa maji akiwa amekaa. Eliya akanicheka mbele ya watu! "Yaya, hii si ya kuvukia kwenda Kigoma!" Akanieleza kwamba mvuvi wa bass anasimama kutwa nzima akirusha ndoano, kwa hiyo boti inatakiwa iwe pana, bapa, isiyoyumba, na isiyozama sana chini ili iingie kwenye matete. Tuliona ya bati moja nyepesi. Akaikataa, akasema ukidondosha koleo tu inapiga kelele mpaka samaki wanahama, na upepo unaichezea. Tukaona nyingine ina moteri kubwa kama jeneza... Mungu nisamehe kwa neno hilo. Eliya akasema moteri ya hivyo ni ya kuringia watu kwenye robot, hizi taa za barabarani.

Mwisho tukaipata uani kwa mzee mmoja Mhindi kule Bluff. Ilikuwa ya plastiki ngumu, nyekundu iliyopauka. Katembo alijilaza chini akiangalia magurudumu ya mkokoteni wa kuivutia boti. Sisi wawili yule mzee akatuita juu, akagonga sakafu kwa kidole. Ikalia kama gunia lililojaa. Akasema Kiingereza, Eliya akanitafsiria: chini ya hii sakafu kuna sponji ngumu iliyomiminwa kiwandani. Hata boti ikijaa maji hadi juu, hiyo sponji inaibeba. Ikijaa, msiiache. Ishikeni. Wanaokufa ni wale wanaoiacha wakaanza kuogelea.

Eliya akarudia maneno hayo kama mtoto wa katekisimu. Ikijaa, usiiache, ishike!

Tukaichukua. Siku za kuipamba zilikuwa siku za furaha, sitasema uongo. Eliya alifunga moteri ya kadiri nyuma, na mbele akafunga kamoteri kadogo ka umeme kasikolia kabisa, unakaendesha kwa mguu huku mikono inavua. Batri nzito akazigawa, nyingine mbele nyingine katikati, ili nyuma isilemewe. Akaweka kioo kinachoonyesha chini ya maji. Nilikitazama nikaona vitu kama makombo vinapita. "Hao ndio samaki, yaya." Nikamwambia, na wao wanatuona? Kulikuwa na tangi lenye pampu la kumweka samaki hai mpaka apimwe. Akanunua na jaketi za kuokolea, nzuri, zenye mkanda.

Viti na kapeti vilikuwa kazi ya Katembo. Boti ikapelekwa uwanja wa nyuma ya karakana yake.

Mke wa Katembo, Mama Neema, anauza samaki wa kukaanga sokoni. Mwanamke wa maneno! Akaizunguka boti, akashika kiuno, akauliza, "Hii kitu itarudi na samaki ao na picha?" Mafundi wote wakaangua kicheko. Eliya akajibu itarudi na wageni walioshiba furaha. Mama Neema akasema, "Eish! Na sisi tutakaanga furaha?"

Ulikuwa utani. Lakini utani ule ulimwingia Katembo.

Nyinyi mnaojua kazi ya makochi mtanielewa. Mtu akileta kochi la zamani, fundi anafanya nini kwanza? Anachana kitambaa, anatoa sponji kuukuu, anaitupa! Hiyo ndiyo kazi, hata mwanafunzi wa jana anaijua. Katembo alipoinua sakafu ili aweke kapeti, alikuta ile sponji, pembeni imeloa kidogo na inanuka. Akaona ni uchafu wa miaka. Akaikwangua yote. Akaona nafasi kubwa tumboni mwa boti, akatengeneza sanduku zuri la barafu kwa nyuma, lenye mfuniko, ili siku moja Eliya arudishe samaki wa kula na Mama Neema afunge mdomo. Alitaka kutufurahisha. Hakumchukia ndugu yangu! Hilo ninalisema hata leo.

Nilikwenda kuiona ilipokamilika. Kapeti la kijivu limekaa kama ngozi. Nikagonga kwa kidole, lakini kapeti lilimeza sauti. Nikamuuliza, "Papa Katembo, ile sponji ya chini yenye kubeba boti, ulikuta iko?"

Alikuwa anashona kiti, ameuma uzi mdomoni. Akautoa uzi. Halafu akasema, "Iko, Papa Riziki. Iko yote."

Ndugu wasomaji... hapo ndipo alipotusaliti. Alikiri baadaye kwamba ni swali langu lililomfumbua macho. Kabla ya hapo hakujua ile sponji ni ya nini. Angeweza kusema, mzee, nimekosea. Lakini fundi mzima, baba wa ubatizo, aseme kazi yake ameiharibu? Aliona haya. Akajiambia atatafuta sponji nyingine aijaze kimyakimya. Wiki zikapita, wageni wakaanza kuita, akanyamaza.

Na kwetu sisi humwambii fundi wako, ng'oa kapeti nione. Hayo ni matusi! Angeacha vifaa chini, na Jumapili kanisa zima lingenitazama kama mtu asiyeamini ndugu. Nikasema asante, nikanywa chai yake, nikaondoka.

Mchungaji aliiombea boti. Furaha, mke wa Eliya, alipiga vigelegele mpaka sauti ikakauka. Eliya alifanya kazi msimu mzima, akanenepa kidogo, akawa anatembea kama mtu mwenye anwani.

Kisha ukaja mwezi wa nane, mwezi wa pepo hapa Durban. Eliya alimchukua Otieno, Mkenya anayefundisha chuo, mtu mpole. Haya ninayoyasimulia aliyaleta yeye, akiwa amejifunika blanketi, meno yanagongana.

Sanduku la nyuma walilijaza barafu na vinywaji. Upepo ukainuka ghafla. Walipokuwa wanarudi, nyuma ya boti ilikaa chini kwa uzito, mawimbi yakaanza kupanda. Moteri ikazima. Maji yakaingia kama mtu anayefungua mlango wa nyumba yake. Otieno alikuwa amefunga jaketi. Eliya alikuwa ameivua ili arushe vizuri, nayo ikachukuliwa na maji.

Otieno alitaka kuogelea. Eliya akamzuia, na alikuwa anatabasamu! Akamwambia, "Mwalimu, usiogope. Hii haizami. Shika hapa, tulia, watatuona."

Wakashika. Boti ikazidi kwenda chini, nyuma kwanza. Otieno anasema Eliya aliigonga kwa kiganja kama unavyomwamsha mtu. Hakuamini. Otieno akaiachia, akamwita, "Kaka, achia! Tuondoke!" Eliya akajibu, "Itasimama! Itasimama sasa hivi!" Akasogea mbele, mahali palipokuwa bado juu, na hapo kamba ya nanga iliyokuwa inaelea ikamzunguka mguu. Kisha na mbele pakaenda.

Wavuvi wengine walimwokoa Otieno.

Ndugu yangu aliogelea Tanganyika kabla hajajua kuhesabu! Ufukwe haukuwa mbali. Otieno, ambaye haogelei vizuri, yuko hai kwa sababu hakuiamini boti. Eliya amekufa kwa sababu alitii.

Wazamiaji walimtoa kesho yake, na baadaye wakaitoa boti. Nilikuwa ukingoni, Katembo ubavuni kwangu. Walipochana kapeti ili maji yatoke, nikaona chini... hakuna kitu. Utupu na sanduku. Nilimgeukia Katembo. Alikuwa ameshakaa kwenye matope, amejishika kichwa.

Hapo ndipo aliponieleza yote. Akanishika miguu, akaniomba, "Papa Riziki, Furaha asijue. Mtoto nilimshika mimi kwenye maji ya ubatizo. Ataniangalia na macho gani?"

Nikanyamaza. Nilijiambia, maneno hayamfufui mtu. Lakini wasomaji wenzangu, watu hawaachi kifo bila kukitafutia sababu! Wengine wakasema Eliya alikuwa amelewa. Wengine wakasema watu wa ziwa wana agano na maji. Na mama mmoja, tena wa kwaya, akasema Furaha ndiye aliyemsukuma mumewe atafute makubwa. Furaha alisikia yote. Akaacha kuja kanisani. Kila nikimtembelea aliniuliza swali lilelile: "Baba mkubwa, mume wangu alijua maji. Kwa nini hakuogelea?"

Ningekaa na hilo mpaka lini?

Nilimkuta anachambua maharage. Nikamwambia yote, sikuficha hata utani wa Mama Neema. Nikamwambia, mumeo hakulewa, na hakukuacha kwa uzembe. Aliambiwa ashike, akashika.

Hakulia. Mikono yake iliendelea kuchambua. Kisha akauliza, "Baba mkubwa, ulimuuliza Papa Katembo kama sponji iko?"

Nikasema, "Nilimuuliza, mwanangu. Akaniambia iko."

"Uliona?"

Wasomaji wenzangu, nimeishi miaka mingi, nimeulizwa maswali na askari wenye bunduki. Hakuna aliyenichoma kama yule mwanamke na sinia lake la maharage. Nilisema, "Sikuona." Akatikisa kichwa taratibu, akainuka, akaenda kubandika sufuria.

Katembo alisimama mwenyewe kanisani akasema alichofanya. Mchungaji akatupatanisha, nikampa mkono. Mdomo wangu umesamehe... moyo unakwenda polepole, ni mzee kama mimi. Analeta unga kwa watoto kila mara. Furaha anapokea mlangoni, anasema asante, wala hamkaribishi kukaa.

Wewe unayesoma, labda unajenga nyumba, labda unafungiwa breki za gari, labda nawe unanunua boti kwa ajili ya hao samaki wa kurudishwa. Na fundi ni ndugu yako, ni shemeji, ni mtu mnayesali naye. Mpende, mpikie, mwombee. Lakini kabla hajafunika kazi yake, mwambie afungue uone kwa macho yako. Akikasirika, mwache akasirike. Mtu aliyekasirika unaweza kumwomba radhi kesho.

Na wewe fundi, ukiharibu, sema! Nakusihi, sema siku hiyohiyo. Tungekucheka wiki moja, Mama Neema labda mwezi mzima. Kisha tungekaa wote mezani, na Eliya angekuwa ndiye anayecheka kuliko sisi sote.