Fundi Aliyejibu Salama

Mdogo wangu ni fundi seremala, na tangu utotoni hajui kulalamika. Nyundo ikimpiga kidole, anakinyonya, anasema, "Si kitu," anaendelea kugonga.

Mwaka juzi tulimzika kaka yetu mkubwa. Alikuwa na kansa ya utumbo mpana, ikagunduliwa kwa kuchelewa. Hospitalini wakatuambia na sisi ndugu zake tupimwe, hata kama hatuumwi. Mimi nikapimwa, sikuonekana na kitu. Zamu ya Fundi ikafika.

Alikunywa dawa ya kusafisha tumbo, akashinda chooni. "Dada, leo nimehamia huku," akanipigia kelele kupitia mlangoni.

Kesho yake daktari alimpitishia mpira mwembamba wenye kamera kwa njia ya haja kubwa. Mimi nilikaa nje kwenye benchi. Haukupita muda, Fundi akatoka amekunja uso. Kipimo kilikatishwa katikati, maana alishtuka akausukuma mkono wa daktari.

"Sirudi tena. Liwalo na liwe."

Nikalia. Kaka nimeshazika mmoja.

Siku ya pili akaja jirani yetu nesi, anayefanya kazi chumba kilekile.

"Fundi, nilikuuliza mara tatu unajisikiaje. Ulinijibu nini?"

"Salama."

"Ulikuwa salama?"

"Salama wapi! Tumbo limejaa, linataka kupasuka. Lakini mtu akikuuliza hali, umwambie unakufa? Si adabu."

Nikacheka na machozi hayajakauka. Huyu hata akitetemeka kwa homa, husema hajambo!

Nesi hakucheka. "Kosa ni letu pia. Uso ulikuwa umekunjamana, mkono umeng'ang'ania kitanda. Nami nikaamini mdomo. Sikiliza, Fundi. Mle ndani hatusalimiani. Nikikuuliza, nipe namba. Sifuri, huumwi kabisa. Kumi, maumivu hayavumiliki. Tunaingiza hewa ili utumbo ufunguke, tuone. Ukisema inauma, tunapunguza hewa, tunakugeuza, au tunaongeza dawa ya maumivu. Ukinyamaza, tutajuaje?"

"Mwanamume mzima nilie namba?"

"Wanaume wazima wanazisema kila siku. Mkono wako nitaushika mimi. Ukishindwa kusema, nibinye."

Fundi akainama, akachokonoa gundi kwenye kucha zake. Mwisho akasema, "Haya. Niandikie siku nyingine."

Wiki mbili baadaye nilikuwa tena kwenye benchi. Safari hii nilikaa mpaka miguu ikafa ganzi. Akatoka polepole, nesi kamshika bega.

"Nilisema nne, dada. Halafu saba! Nesi akamwambia daktari subiri. Wakapunguza hewa, wakanigeuza chali. Ikashuka mpaka tatu. Wamefika mwisho wa utumbo."

"Hukuona haya?"

"Haya gani? Nimejamba mbele ya daktari, akanipongeza!"

Daktari alikuta vinyama viwili vidogo vimeota ndani ya utumbo, akavitoa palepale. Majibu ya maabara yakaja: si kansa. Ila kimoja, kingeachwa, kingeweza kugeuka kansa baada ya miaka. Fundi ameambiwa arudi baada ya miaka mitatu. Tarehe ameiandika ukutani kwa penseli yake ya kazi.

Akabaki mdogo wetu wa mwisho, wa kike, aliyekuwa akikwepa kupimwa. Fundi mwenyewe akamfuata kwake.

"Inauma?" akauliza yule binti.

"Mimi ilifika saba," Fundi akamwambia. "Nikasema, ikashuka. Twende ukaandikiwe siku; ukipimwa, nitakusubiri nje."

Binti akatafuta mtandio wake, wakaenda.