Maandazi ya Mama Gloriose Hayakuwa na Sumu

Kila Jumamosi asubuhi Merveille alichota maji bombani, akafagia uwanja, kisha akapita kwa Mama Gloriose kununua maandazi ya moto. Mama Gloriose, mjane kutoka Burundi, alikaanga kando ya njia hapo Dzaleka, kambi ya wakimbizi nchini Malawi, na maandazi yake hayakuwa na mpinzani. Merveille na mama yake Pascaline, fundi cherehani kutoka Bukavu, waliyala sahani moja.

Jumamosi moja, kabla chai haijapoa, Pascaline alijishika chini ya mbavu za kulia, akajikunja. Maumivu yakapanda hadi begani, akatapika. Mdogo wake, Fortunée, alikuja mbio na hukumu yake tayari: ni sumu, na aliyeitia ni yule Mrundi. Akaagiza mizizi ya kutapisha. Kufikia mchana kambi nzima ilikuwa na habari hiyo, na karai la Mama Gloriose likabaki limejaa. Binti yake akaitwa mtoto wa mchawi.

Merveille alichemka kwa hasira. Yeye mwenyewe alikula maandazi manne, naye alikuwa buheri wa afya! Siku tatu mama yake alinyweshwa mizizi ile, akatapika hadi akaishiwa nguvu. Kisha homa ikapanda, macho yakawa ya manjano. Fortunée alipoleta kikombe kingine, Merveille alikifunika kwa kiganja.

"Mama mudogo, siku ya ubatizo ya mutoto wako mama alikula nyama ya mafuta kwako, na tumbo ilimukamata vile vile," alisema. "Siku ile, ni we ulimutilia sumu?"

Fortunée alikiweka kikombe chini. Merveille akatoka mbio kuomba msaada, na majirani wote wakawa na kazi nyingine. Aliyefunga kitenge chake na kuja kumwinua Pascaline ni Mama Gloriose, yule yule waliyemchafulia jina. Walimfikisha kituo cha afya, na gari la wagonjwa likampeleka hospitali ya Lilongwe.

Huko daktari alimpima kwa mashine ya picha, akaona vijiwe ndani ya kifuko cha nyongo. Merveille, aliyejifunza Kichewa shuleni, akamfasiria mama yake: ukila mafuta, kifuko hujikamua, kijiwe kikiziba njia, maumivu huja. Mizizi haiviyeyushi. Homa na macho ya manjano ni dalili za hatari, na kuchelewa zaidi kungemuua. Walimpa dawa, kisha wakampasua, wakatoa vijiwe pamoja na kifuko chenyewe, kwani mtu huishi vizuri bila hicho.

Mwezi uliofuata Pascaline alitembea polepole hadi kwenye karai, Fortunée nyuma yake. Hakutafuta faragha, maana Mama Gloriose hakutukanwa faraghani. Aliomba msamaha mbele ya wapita njia, akanunua andazi la kwanza na kumpa Fortunée. Fortunée akalila lote, macho chini.

"Mawe yako munganga wa hospitali aliyatoa," Mama Gloriose alisema, bado ana uchungu. "Ile jina ya mchawi bantu balinipa, itatoka na nini?"

"Itatoka na ile kinywa iliisema," Pascaline alijibu. Akawageukia watoto waliosimama pale. "Batoto, mwili ikiuma, mukimbilie munganga wa hospitali. Musitafute jirani wa kumuwekea kosa. Mi nilikawia kutibiwa, nikakaribia kufa, na nikanyamaza wakati mutu mwema anatukanwa."

Fortunée alipangusa mikono, akasimama kando ya karai, na kwa sauti ile ile iliyoeneza uvumi akaanza kuita wateja.