Gari Lililokosa Ardhi

Kaka yangu alikuwa kinyozi, na siku aliyonunua lile gari la spoti alinyoa wateja watatu bure na mmoja vibaya. Gari jekundu, viti viwili, limemzidi mke wake umri. Umeme wa gari hilo ulikuwa na tabia za wakwe: unakuja unapojisikia, unaondoka bila kuaga.

Basi akaandaa sanduku la dharura. Fyuzi za kila rangi, taa ndogo ya kupimia umeme, koleo, betri ya akiba, hadi kitambaa cheupe cha kupangia vifaa.

"Hiyo ni safari au harusi?" shemeji akamuuliza.

"Nikikwama barabarani, mama, nitakwama kwa heshima."

Akirudi jioni alipiga honi getini: mbili, kimya, moja. Shemeji akisikia hivyo anakwenda kufungua huku anasonya na kutabasamu kwa wakati mmoja. Kipaji hicho sijakiona kwa mtu mwingine.

Fundi umeme alilichungulia gari, akatoa hukumu. "Hili halina ardhi."

"Bwana fundi, mimi nimenunua gari, sijanunua kiwanja."

Tulicheka mpaka fundi akasahau kutueleza alichomaanisha. Kaka akaenda zake kuongeza kitu sandukuni: waya mweusi wa mita mbili, ncha moja kibanio, ncha nyingine kigingi cha chuma. Likikosa ardhi, tutalipatia ardhi.

Jumamosi iliyofuata, saa sita mchana, likatuzimikia kwenye kona yenye nyasi tupu kushoto na kulia. Betri imekufa. Ya akiba nayo imekufa. Kaka akabana kibanio kwenye bodi ya gari, akagongomea kigingi kwenye udongo kando ya lami.

Taa zikawaka. Ziliwaka kuliko siku zote.

Ufunguo ulikuwa mfukoni mwangu.

Gari likatufikisha nyumbani. Tulipomsimulia fundi, hakucheka.

"Ardhi ni ule waya unaorudisha umeme kwenye bodi," akasema polepole. "Si udongo. Udongo hauna umeme wa kuwasha taa."

"Lakini ziliwaka," kaka akasema.

"Kigingi kilitoka vizuri?"

"Kiligoma kidogo."

"Kiligoma, au kilivutwa?"

Kaka akatazama viatu vyake. Fundi akashusha boneti kwa mikono miwili, taratibu, kama anayemfunika mtoto aliyelala.

Nikampigia simu mjane aliyetuuzia. Akasema mumewe hakuzikwa. Gari lilikutwa kwenye kona, mwenyewe hakukutwa. Akakata kabla sijauliza kona ipi.

Kaka akakubali kulirudisha kwa mjane kesho yake asubuhi. Njia ilikuwa hiyohiyo moja, ya kupitia ile kona.

"Likizima usichomeke kitu," nikamwambia. "Liache, tembea."

"Nitatembea."

Lakini sanduku alilibeba.

Hakufika. Tulilikuta gari mchana, mimi na askari mmoja wa polisi, kwenye kona ileile, taa zote zinawaka. Kaka hayupo. Kitambaa cheupe kimetandikwa, vifaa vimepangwa kama vya saluni. Waya mweusi ulitoka kwenye bodi ukaingia ardhini. Kigingi hakikuonekana. Udongo haukuwa umechimbwa.

Mimi na askari tukauvuta. Zikatoka mita mbili. Ikatoka ya tatu. Ya sita. Ulikuwa wa baridi, nao bado unakuja.

Halafu ukaanza kurudi.

Askari akaukata kwa koleo ya kaka. Ncha ikazama kama mkia wa panya. Taa hazikuzimika. Gari likakokotwa hadi kituoni huku taa zake zikiwaka.

Shemeji alibaki na sanduku. Wiki ya tatu nikamkuta amepiga magoti bustanini, ameichomeka taa ya kupimia kwenye udongo. Betri hakuna. Taa ikawaka mara mbili. Kimya. Mara moja.

"Yuko getini," akaninong'oneza. "Anataka nifungue."

Nilitafuta neno la kumchekesha. Maisha yangu yote sijawahi kulikosa. Siku hiyo nililikosa. Nikamnyang'anya taa, nikaifungia kabatini kwangu, juu ya rafu ya mbao, mbali na udongo wowote.

Jana asubuhi nikakuta mlango wake wazi. Hayumo. Bustanini ndara zake zilikaa sambamba, zimetazama geti. Udongo haujaguswa. Katikati ya ndara waya mweusi ulichomoza kimo cha kidole, ncha yake imekatwa kwa koleo.

Kutoka kwenye ile kona hadi pale ni mwendo wa saa nzima kwa gari.

Nimerudi nyumbani, nimekaa mbele ya kabati. Mwanga wa ile taa unapita kwenye ufa wa mlango. Siku zote ilikuwa mbili, kimya, moja, ya kaka peke yake. Tangu jana ni mbili, kimya, mbili.