Anwani ya Vince Gorringe

Sokoni Haymarket, Sydney, Ijumaa asubuhi, watu wanasukumana. Merle Tancred alikuwa amebana kabichi kwapani huku akigombana na muuza samaki, mara akapigwa kumbo na mwanamume mpana kama kabati. Kabichi chini. Yule bwana akaiokota, akaipangusa kwa mkono wa koti lake, akamrudishia. Pua yake iliwahi kuvunjika ikapona vibaya, lakini macho, jamani, macho yalikuwa na upole ambao huutegemei kwenye uso wa namna ile.

Merle siku hiyo kavaa koti la kijani lililomkaa kiunoni, kofia kailaza upande, na wala si mtu wa kutishwa na mabega.

"Wewe si Vince Gorringe wa Balmain? Jumamosi kwenye raga umemvunja beki wetu wa Newtown mtulinga."

"Nilimkaba tu. Kuvunjika alivunjika mwenyewe."

"Na kabichi yangu nayo imejiangusha?"

Vince akacheka mpaka muuza samaki akageuka. Alimbebea kapu hadi kituoni, na tramu ilipofika walikuwa wameshaahidiana chai ya Jumapili.

Miezi mitano mapenzi yakakolea. Vince alikuwa kuli bandarini siku za kazi, Jumamosi anacheza raga, Jumapili ni ya Merle. Jioni alimpigia simu kwenye duka la dawa la jirani, kwa sababu kwa akina Merle simu haikuwepo, na mwenye duka alijifanya anapanga chupa huku masikio kayatega.

"Umekula nini, mpenzi?"

"Kondoo na viazi."

"Umeniwekea?"

"Nimempa paka. Ana adabu kukuzidi."

Tatizo lilikuwa sheria ya ligi: unachezea mtaa unakolala. Ukihama Balmain, jezi ya Balmain unaivua. Na viongozi wa Balmain walishamwambia Vince kuwa mwakani yeye ndiye nahodha, na wateuzi wa timu ya taifa ya kwenda Uingereza walikuwa wanamtazama. Kwa upande wa Merle, mama yake alipigwa na kiharusi miaka miwili nyuma, na majirani wa Newtown ndio waliokuwa wakiingia mchana kumgeuza na kumnywesha supu, Merle akiwa kiwandani anashona kofia. Basi Vince alipomwomba waoane wakakae Balmain, Merle alimjibu wazi: mama hahamishiki. Vince alimtazama, akachukua kofia yake akaondoka, hata busu hakuna. Merle alilia kama mtoto.

Simu zikapungua. Kisha Jumapili moja, msimu wa raga umekwisha jana yake, jirani yao Dulcie akaja na habari zake. Alimwona Vince akiingia na sanduku la nguo kwa mjane Yelland, barabara tatu tu kutoka hapo, humo humo Newtown, na si mara moja. Merle damu ikamchemka. Alivaa lile koti la kijani, akapaka rangi ya mdomo ili asionekane amelia, akaenda kugonga mlango.

Akafungua Vince mwenyewe, yuko na fulana, nusu ya uso ina povu la sabuni. Nyuma yake mjane, bibi wa miaka sabini na ushee, alikuwa akinung'unika kwamba mpangaji huyu anamaliza mkate mzima kila asubuhi. Merle hasira zikakosa pa kushika.

"Unafanya nini hapa?"

"Nalala. Chumba cha nyuma, wiki ya tatu sasa. Bila hivyo Newtown hawaruhusiwi kunisajili."

"Newtown? Na unahodha wako?"

"Nimewaachia. Jana tulipomaliza mechi ya mwisho, nikavua viatu nikawaambia. Ningesema mapema wangenitoa, na wenzangu nisingeweza kuwaacha njiani."

"Mimi ungeniambia, Vince. Ulinyamaza siku ile ukaondoka. Nilijua umechagua."

"Nilikuwa nimeshachagua. Ila ningekwambiaje, kwa simu ya duka la dawa? Kabla ya saa sita Sydney nzima ingekuwa inajua."

Merle alitaka kununa, akashindwa. Moyo ulimjaa mpaka ukamuuma. Akamuuliza kuhusu Uingereza, akiogopa jibu.

"Wakinitaka watanikuta Newtown," alisema Vince. "Sikuacha miguu Balmain."

Mezani kulikuwa na fomu ya usajili, yote imejazwa isipokuwa mstari mmoja. Vince akaisogeza mbele yake.

"Kesho wanataka anwani ya kudumu. Chumba hiki cha nyuma sitaki kukiandika. Nataka kuandika kwenu, nilale hapo, nimgeuze mama usiku wewe upumzike."

"Hiyo ndiyo posa?"

"Ndiyo hiyo. Nyingine sijui."

Merle alivua glavu, akamfuta Vince povu shavuni kwa kiganja, taratibu, akambusu hapo hapo mbele ya bibi wa watu. Kisha akamsukumia kalamu.

"Namba ishirini na tisa," alisema. "Andika kwa wino."